Uzamili wa maafa ya mijini: Ardhi, Enschede, Bonn au Bloemfontein?

Miezi ya mwisho wa mwaka, watu wanapoandaa maombi ya vyuo, huwa naulizwa swali lilelile: "Dada, nataka kusoma uzamili wa mambo ya maafa na miji. Niende wapi?" Wanaouliza hawafanani. Mmoja ni afisa mazingira wa manispaa mwenye miaka sita kazini, na kila masika anaandika ripoti ya mafuriko ya mtaa uleule. Mwingine amemaliza shahada ya upimaji ardhi na bado anatafuta kazi. Wa tatu ni mhandisi wa Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ambao mto Mulongwe uliuvamia usiku mmoja wa Aprili 2020. Nikiwapa hawa watu watatu jibu moja, wawili nitakuwa nimewapoteza.

Vyuo ninavyovitaja mara nyingi ni vinne: Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kitivo cha ITC, kinachofundisha sayansi ya ramani na picha za setilaiti, kilichopo Enschede nchini Uholanzi, Chuo Kikuu cha Bonn nchini Ujerumani kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na Chuo Kikuu cha Free State cha Bloemfontein, Afrika Kusini. Sitavipima kwa jina wala kwa nafasi yake kwenye orodha za ubora. Nitavipima kwa nyumba moja.

Nyumba hiyo iko Hananasif, Kinondoni, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Ni ya matofali ya saruji, vyumba vitatu, kizingiti kimeinuliwa tofali mbili kuliko kawaida, na ukutani kuna mstari wa tope ambao rangi mpya haijaweza kuuficha. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unalipitia jiji na kuingia baharini penye Daraja la Salenda. Desemba 2011 mvua zilizotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954 ziliua watu wapatao 40, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Desemba 2015 nyumba za bondeni zikabomolewa kwa matingatinga. Wako waliorudi. Katikati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, na kila ua uliosakafiwa kule juu unafanya maji yafike haraka zaidi kwenye kile kizingiti.

Nyumba hiyo ina maswali manne. Maji yatakuja kwa kina gani, baada ya saa ngapi za mvua? Kwa nini mwenye nyumba bado yuko pale? Sheria na mpango wa mji unasema nini juu ya kiwanja hicho, na nani ana mamlaka? Na maji yakifika saa tisa usiku, nani anafanya nini? Katika vyuo hivi vinne sijaona kinachoyajibu yote kwa uzito mmoja. Kila kimoja kina swali ambalo ndilo lake hasa, mengine yanafuata nyuma. Ndiyo maana ushauri wangu huanzia ofisini kwako: angalia swali gani kati ya haya manne halina mtu wa kulijibu mkiwa mezani, kisha uende kulisomea hilo.

Ardhi: kiwanja, sheria, mpango

Chuo Kikuu Ardhi kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, lakini historia yake ni ndefu zaidi. Kilikuwa Chuo cha Ardhi, kisha kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1996. Wapangaji miji na wapimaji wengi unaokutana nao kwenye halmashauri za Tanzania wamepita pale. Kina kituo cha mafunzo ya menejimenti ya maafa, na shahada ya uzamili inayohusu kupunguza na kusimamia vihatarishi vya maafa.

Ukiipeleka nyumba ya Hananasif pale, jambo la kwanza litakaloulizwa ni hadhi ya kiwanja. Kina hati au leseni ya makazi? Kipo ndani ya mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazihifadhi kandokando ya mito, ziwa na bahari? Maswali haya yanaweza kuonekana makavu kwa kijana anayetaka kuchezea picha za setilaiti. Lakini sijaona mradi wa mafuriko uliokwama kwa kukosa picha ya setilaiti. Niliyoyaona yakikwama yalikwama kwenye fidia, kwenye mpaka wa bonde usiokubalika na watu, na kwenye ofisi mbili kila moja ikidhani mfereji ni wa mwenzake.

Kuna faida nyingine ya kusomea Ardhi ambayo mtu haioni mpaka aikose: tasnifu yako iko umbali wa daladala moja. Mwaka 2015, ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio walioingia mitaani na simu na vifaa vya GPS, wakachora mfereji kwa mfereji na nyumba kwa nyumba katika kata zinazofurika, kisha wakakaa na wenyeji kuuliza maji yalifika wapi. Kazi ile inatumika mpaka leo kwa sababu ramani ziko wazi kwa kila mtu. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, uko kwenye bonde hilohilo. Anayesoma Dar es Salaam sasa anaweza kufanya utafiti wakati mto wenyewe unatengenezwa, watu wanahamishwa na fidia zinabishaniwa. Fursa ya namna hiyo hutoweka ujenzi ukiisha.

Upungufu nao nauona. Kwenye modeli za kihaidrolojia, yaani hesabu za mwendo wa maji kwenye kompyuta, na uchambuzi mzito wa picha, ukisoma hapa itabidi ujifunze mengi mwenyewe, kwa kozi fupi na kwa usiku mwingi mbele ya kompyuta. Pia usimamizi wa tasnifu hutegemea sana msimamizi utakayempata. Nenda kaongee naye kabla ya kuomba nafasi. Muulize amesimamia wangapi, wangapi wamemaliza, na walichukua muda gani.

Enschede: kina cha maji

ITC ilianzishwa Delft mwaka 1950 na Willem Schermerhorn, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uholanzi, ili kufundisha upimaji kwa picha za angani. Ilihamia Enschede mwaka 1971, na mwaka 2010 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Twente. Kwa wapimaji wa Afrika Mashariki jina hili halihitaji utangulizi, maana wakubwa wengi wa kizazi kilichopita walisomea huko. Uzamili wake wa taarifa za kijiografia na uangalizi wa dunia ni wa miaka miwili, na ndani yake unaweza kuelemea kwenye majanga ya asili, maji, au mipangomiji.

Nyumba ya Hananasif huko inageuka kuwa pikseli, kimraba kimoja cha picha. Nasema hivi kwa heshima. Pikseli ile ina kimo, aina ya udongo, asilimia ya ardhi iliyofunikwa kwa saruji, na jirani zake. Unamwaga juu yake mvua ya saa tatu na kuona maji yanapanda hadi wapi. Programu ya openLISEM, iliyokuzwa na watafiti wakiongozwa na Victor Jetten, ndiyo iliyotumika kwenye utafiti wa mafuriko Kampala uliofanywa kwa ajili ya UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013, kwenye bonde la Lubigi. Matokeo ya kazi ya namna hiyo ni kitu ambacho mhandisi wa manispaa hana namna ya kukipata kwa macho: ukipanua kalavati hili, maji yatapungua hapa lakini yataongezeka kule chini kwa watu wengine.

Hapa lazima nisimulie kosa langu. Mwaka mmoja nilichora ramani ya mafuriko ya mtaa mmoja wa bondeni kwa kutumia vimo vya bure vya setilaiti, vile ambavyo kila pikseli ina upana wa mita 30. Ramani ilitoka nzuri, bluu imekolea mahali pake. Nikaipeleka kwa mjumbe, mzee mtaratibu, akaitazama kwa muda kisha akaniambia, "Mwanangu, hapa umepaacha pakavu, na hapa ndipo tulipomtoa mtu juu ya paa." Alinipeleka, nikaona alama ya maji ikiwa usawa wa kifua changu. Vimo vile vinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mara nyingi vinahesabu paa kuwa ndiyo ardhi. Kwenye bonde tambarare ambako mita moja na nusu ndiyo tofauti ya uhai na kifo, kosa hilo linabatilisha kila kitu.

Kwa hiyo ukienda Enschede, nenda ukijua tangu mwanzo data ya vimo utaitoa wapi. Zanzibar ilirushiwa ndege zisizo na rubani kuanzia 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki, na picha zake ni za sentimita, wala si za mita. Mji wako una nini? Kama huna jibu, utatumia miaka miwili kujifunza mbinu nzuri kwenye data ya nchi nyingine, kisha utarudi kwenye mji usio hata na kipimamvua cha kutosha.

Mji wa Enschede wenyewe una la kufundisha. Tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki lililipuka katikati ya makazi, watu 23 wakafa, na mtaa mzima wa Roombeek ukasambaratika. Mtaa huo ulijengwa upya, na wakazi wake wa zamani walishirikishwa kuamua urudi vipi. Nenda ukautembee kwa miguu. Maafa ya mijini yana sura nyingi kuliko maji.

Bonn: kwa nini yuko pale

Uzamili wa Bonn unahusu jiografia ya hatari za kimazingira na usalama wa binadamu. Ni wa miaka miwili, kwa Kiingereza, na unaendeshwa kwa pamoja na Idara ya Jiografia ya Chuo Kikuu cha Bonn na taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mazingira na usalama wa binadamu, ambayo iko Bonn tangu 2003. Ndani yake kuna mafunzo kazini kwenye mashirika.

Hapa hawataanza na mto. Wataanza na mwenye nyumba. Kodi ya chumba Hananasif ni kiasi gani ukilinganisha na Mabwepande? Kutoka Mabwepande hadi Kariakoo anakouza mitumba ni nauli kiasi gani, na anarudi saa ngapi? Mtoto anasoma wapi? Nani anamkopesha akiishiwa? Ukiyafuata maswali hayo unafika mahali pasipopendeza: huyu mama hakukosa elimu ya hatari. Anaijua hatari kuliko sisi, na amepiga hesabu. Masika ya wiki mbili za taabu yanamgharimu kidogo kuliko mwaka mzima wa nauli. Ukishalielewa hilo huwezi tena kuandika ripoti inayosema "wananchi waelimishwe" na kuishia hapo. Naamini ubomoaji wa bondeni na yale yaliyofuata ni somo la Bonn kuliko la Enschede.

Karibu na Bonn uko mto Ahr, ambao Julai 2021 ulifurika ukasomba vijiji na miji midogo. Ujerumani ilipoteza zaidi ya watu 180 katika mafuriko ya siku zile, nchi yenye mitambo ya kila aina ya kupima mvua. Ujumbe wa tahadhari haukuwafikia watu kwa namna ya kuwafanya waondoke. Mwafrika anayesoma pale anayaona hayo kwa jirani, na inamtoa ile dhana kwamba tatizo letu ni vifaa tu.

Upungufu wa njia hii ni kwamba unaweza kumaliza ukiwa hodari wa kueleza udhaifu wa jamii na bado usiweze kumwambia mhandisi kalavati liwe na kipenyo gani. Ofisi zetu humheshimu anayekuja na namba. Kama huna msingi wa takwimu, jiongezee huko huko.

Bloemfontein: saa tisa usiku

Free State wana kituo cha DiMTEC, kinachofundisha menejimenti ya maafa kwa watu ambao wengi wao tayari wako kazini, na masomo yamepangwa kwa vipindi vya kukutana ili mtu arudi kwenye kazi yake. Swali lao ni la nne: nani anafanya nini, kwa mamlaka gani, kwa fedha ipi. Afrika Kusini ina sheria ya maafa tangu 2002, na imeifanyia kazi kwenye ukame wa Cape Town wa 2018 na mafuriko ya Durban ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400. Tanzania ilitunga sheria yake mpya ya menejimenti ya maafa mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kama wewe ndiye katibu wa kamati hiyo wilayani na hujui kikao cha kwanza kiwe na ajenda gani, hili ni chaguo la kweli. Mtu anayetaka kuwa mtafiti sintamshauri aanzie hapa.

Pesa na ruhusa

Hapa ndipo maamuzi mengi hufanyika, tupende tusipende.

Ardhi unalipa ada ya shilingi na unalala kwako. Hesabu hiyo haina haja ya kupambwa. Bloemfontein kuna jambo ambalo wengi hawalijui: chini ya itifaki ya elimu ya SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ya mwaka 1997, wanafunzi wa nchi wanachama wanapaswa kutozwa ada kama wenyeji. Tanzania imo, Kongo imo. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo. Mhandisi wetu wa Uvira ana nafuu ambayo mwenzake wa Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, hana.

Bonn haitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula, takriban euro 300. Lakini ili upate viza bila ufadhili, lazima uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu, na kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Hapo ndipo "masomo ya bure" yanapogeuka. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, hufadhili watu wa nchi zetu kwenye orodha ya programu inayochagua. Angalia kama ya Bonn imo katika mwaka unaoomba. Kwa kawaida wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili au zaidi, na shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita. Hiyo miaka sita imewaponza wengi niwajuao: walingoja "wakomae" kazini, wakakomaa kupita kiasi.

Enschede ada ya asiyetoka Umoja wa Ulaya ni kubwa mno kwa mshahara wa halmashauri, na mpango wa Orange Knowledge uliosomesha watu wetu wengi Uholanzi umekwisha. ITC hutoa ufadhili wake wenyewe, ila haulipii kila kitu. Usikubali nafasi kwa matumaini kwamba pesa iliyobaki itapatikana njiani.

Mtumishi wa umma aongeze jambo moja: jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla hujaomba, na barua ya ruhusa iwe mkononi kabla hujakata tiketi. Na cheti cha nje, ukirudi Tanzania, kipeleke Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kitambuliwe mapema, usisubiri siku ya usaili.

Wako wanaouliza kuhusu Marekani. Huko Taasisi ya Taifa ya Sayansi, NSF, imekuwa tangu 2014 ikifadhili mafunzo ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu yanayovuka mipaka ya fani, ambapo mhandisi, mwanajiografia na mwanasosholojia wanafundishwa pamoja juu ya tatizo moja, kwa mfano hatari za mazingira kwenye miji inayokua. Wazo hilo nalipenda kuliko lolote nililoeleza hapa, kwa sababu linayaweka maswali yote manne kwenye chumba kimoja. Lakini posho za mpango huo ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Mgeni anaweza kuingia kwenye mafunzo, ila ajilipie au alipwe na mfuko mwingine, kama wa usaidizi wa kufundisha.

Aliye Nairobi asiruke hadi Ulaya kabla ya kutazama masomo ya mabadiliko ya tabianchi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hasa baada ya mafuriko ya 2024 na amri ya kuwaondoa watu ndani ya mita 30 za mito pale Mathare. Somo liko mlangoni. Na daktari au muuguzi wa Kampala atafaidika zaidi Makerere, ambako maafa yanafundishwa ndani ya shule ya afya ya umma.

Ningemwambia nani nini

Yule afisa mazingira wa miaka sita, nimemwambia aende Ardhi. Anaijua mitaa, anawajua wenyeviti, na kinachomkwamisha kila mwaka ni mpaka wa bonde ambao haujawahi kupimwa na kukubaliwa. Tasnifu yake iwe hiyo. Nimemwomba ajifunze QGIS, programu ya kuchora ramani, kwa nguvu kabla hajaanza, kwa sababu ni ya bure na hatapata tena muda.

Mhitimu wa upimaji ardhi asiye na kazi, Enschede ingemfaa kabisa, ila bila ufadhili kamili asiende. Akiukosa mwaka huu, ajitolee kwenye kazi za ramani huria, aingie bondeni na wenzake, ajenge jina, aombe tena akiwa na ramani zake mwenyewe za kuonyesha. Kamati za ufadhili huona tofauti kati ya mtu anayesema anapenda kusaidia jamii na mtu aliyekwishapima mifereji ya kata nzima.

Mhandisi wa Uvira alinichukua muda. Kwa akili ya haraka nilitaka kumwambia Enschede. Kisha nikamuuliza ofisini kwao wako wangapi wanaojua kupiga hesabu za maji. Akasema wanne. Nikamuuliza ni nani anayejua kwa nini watu wamerudi kujenga kwenye njia ya Mulongwe. Simu ikawa kimya kidogo, halafu akasema, "Hakuna aliyewauliza." Anaandaa maombi ya Bonn, na wiki iliyopita alinitumia rasimu ya barua yake ya kujieleza. Imeanza na jina la mtaa wake.